Motokaa ya Milango Minne

Na Karani wa Parokia

Labda mtashangaa kuona karani wa parokia akiandika habari za motokaa za Marekani, naye mwenyewe huenda kazini kwa baiskeli. Lakini siku hizi vijana wetu wana simu, na katika simu hizo huziona motokaa za zamani zenye mgongo wa mviringo kama kobe, zinazong'aa kama kioo, zinazotembea chini chini kana kwamba zataka kulala barabarani. Kisha huja ofisini kuniuliza zinauzwa duka gani. Haziuzwi dukani hata moja. Habari yake ni ndefu kidogo, tena ndani yake yamo mambo ya fedha za nyumba na uhai wa watoto, ndiyo maana nimeona yafaa kuiandika katika gazeti la jamaa.

Mwezi wa Februari 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha uundaji wa motokaa za raia. Viwanda vikageuzwa kuunda vifaru, ndege na mizinga, na kwa miaka zaidi ya mitatu kila mtu alitunza motokaa aliyokuwa nayo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 kazi ilianza tena, walakini motokaa za 1946 zilikuwa zile zile za 1942 zilizobadilishwa mapambo. Mitindo mipya kweli ya Ford na Chevrolet ilikuja na motokaa za mwaka 1949. Watu waliokuwa na njaa ya motokaa wakazinunua kama mvua. Mwaka 1950 peke yake Chevrolet iliunda karibu milioni moja na nusu. Sedani yake ya milango minne, yaani motokaa ya paa la bati yenye kiti kirefu mbele na kingine nyuma, ilikuwa na bei ya kama dola 1,500 ikiwa mpya. Haikuwa motokaa ya matajiri. Ilikuwa ya mwalimu, ya mkulima, ya fundi wa reli.

Mwaka 1955 Chevrolet ilileta umbo jipya na injini ya silinda nane, na zile za nyuma zikawa mikweche ya bei ya chini. Hapo ndipo wana wa wafanyakazi wenye asili ya Mexico, wa Los Angeles na wa jimbo la New Mexico, walipozipata. Vijana wengine wa Marekani walitafuta mbio. Hawa walitaka motokaa iende chini na polepole, ili watu waione. Waliokuwa hawana fedha walitia mifuko ya saruji au mchanga katika buti, na motokaa ikashuka yenyewe! Jimbo la California halikupendezwa. Tangu mwaka 1958 sheria yake ilikataza motokaa yoyote kushushwa hata sehemu yake ikawa chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, alifunga katika motokaa yake pampu za mafuta zilizotoka katika ndege, akawa aweza kuishusha na kuiinua kwa swichi. Akimwona polisi, huiinua. Sheria ile ilifutwa kuanzia Januari 1, 2024, baada ya miaka 66.

Motokaa hizi za kabla ya 1955 watu hao huziita "bomba". Kwetu sisi bomba ni la maji, na vijana wa mjini huita bomba kila kitu kinachowapendeza. Kwa Kihispania maana yake ni kombora. Basi msije mkachanganya.

Kwa nini jambo hili liwe la jamaa, si la vijana wahuni tu? Kwa sababu huko motokaa hizi ndizo zinazobeba bibi arusi, ndizo zinazompeleka mtoto kubatizwa, na mara nyingi ndizo zinazofuata jeneza. Katika New Mexico ya kaskazini kuna mji wa Española, na karibu yake kijiji cha Chimayó chenye kanisa dogo la udongo lililojengwa miaka zaidi ya 200 iliyopita. Kila Ijumaa Kuu maelfu ya watu huenda huko kwa miguu kuhiji. Katika nchi hiyo hiyo utaona motokaa zimechorwa sura ya Mama Bikira Maria wa Guadalupe juu ya boneti au buti, tena kwa rangi nzuri kuliko picha nyingi tulizo nazo makanisani. Mtu mmoja wa Chimayó, David Jaramillo, aliipamba Ford ya mwaka 1969 akiikusudia iwe ya jamaa yake. Mwaka 1978 alikufa katika ajali ya motokaa kabla kazi haijakwisha. Jamaa zake wakaimaliza, na leo imo katika jumba la makumbusho ya taifa la Marekani kule Washington. Hiyo si ya miaka ninayoisimulia, lakini sikuweza kuipita bila kuitaja.

Sasa, ndugu msomaji, jifanye kwa muda kuwa u mwenyeji wa Española. Una kazi ya ufundi, mke, na watoto wanne. Kwa miaka mitatu umeweka akiba. Wataka kununua Chevrolet ya mwaka 1950 uitengeneze kwa mkono wako, ili siku binti yako mkubwa atakapotimiza miaka 15 aende kanisani nayo, kama ilivyo desturi ya watu wa huko. Mkeo amekubali, lakini amesema neno moja tu: fedha zikiisha katikati, haziongezwi. Utaanzaje?

Kwanza, chagua ile ya milango minne. Wakusanyaji wa motokaa za zamani huidharau. Wao hutaka ya milango miwili, maana mstari wake ni mrefu na mwepisi machoni, na kwa sababu hiyo bei ya milango minne huwa chini sana. Dharau yao ni faida yako. Watoto wanne hawaingii kwa raha katika motokaa ambayo ni lazima kiti cha mbele kilazwe kwanza ndipo wapite. Kasoro yake ni moja: vipuri vya Chevrolet hizi bado vinaundwa kwa wingi, lakini vya milango ya nyuma ni adimu. Kwa hiyo usinunue yenye mlango wa nyuma uliobondeka au usiokuwa na vipambo vyake.

Pili, tazama hati kabla ya kutazama motokaa. Mimi ni karani, na kila siku naona matata ya daftari. Mtu akibatizwa kwa jina la Yohana na kutaka kufunga ndoa kwa jina la Juma, hutupa kazi ya wiki nzima. Motokaa za miaka ile zina shida ya namna hiyo hiyo. Majimbo mengi ya Marekani zamani yaliandika katika hati ya umiliki namba ya injini, si namba ya bodi. Injini ikifa ikawekwa nyingine, hati na motokaa hazijuani tena. Chevrolet ya 1950 ina kibati cha namba katika nguzo ya mlango wa mbele, upande wa dereva. Isome kwa macho yako, uilinganishe na hati, herufi kwa herufi. Mwenye mali akisema hati ilipotea lakini utaipata kwa urahisi, mwambie basi aipate yeye kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii hupotea ikiwa imesimama mlangoni pako.

Tatu, kutu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo akiba za watu zinapozama. Mnunuzi mgeni huona rangi inayong'aa akafurahi. Mnunuzi mwenye akili huchukua sumaku ndogo, huifunga kitambaa isikwaruze, huipitisha chini ya madigadi, chini ya milango, na pembezoni mwa buti. Penye bati sumaku hushika. Penye puti huanguka. Puti si dhambi, kila fundi bodi huitumia, lakini ipakwe juu ya bati zima na iwe nyembamba. Puti iliyojazwa ndani ya tundu la kutu ni kama chokaa juu ya ukuta ulioliwa na mchwa. Kisha inua mazulia utazame sakafu. Ingia chini uvunguni na bisibisi, uchokoe mahali bodi inaposhikana na chesisi. Fungua kila mlango nusu, uuinue kwa mkono: ukicheza, huenda ni bawaba tu. Lakini ukiona pengo kati ya mlango na nguzo ni jembamba juu na pana chini, bodi yenyewe imelegea, na hiyo ni kazi ya miezi. Jimbo la New Mexico ni kavu, tena hakuna hewa ya bahari, ndiyo maana motokaa za huko hutafutwa na watu wa majimbo mengine. Afadhali ununue yenye rangi iliyofifia na bati zima kuliko yenye rangi mpya usiyojua imefunika nini. Kizuri chajiuza, husema watu, lakini katika biashara hii kibaya ndicho kinachopakwa rangi.

Injini haitutishi sana. Ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ya nguvu za farasi 92, rahisi kama injini ya mashine ya kusaga. Ina tabia moja ya kujua. Katika motokaa zenye gea za kubadili kwa mkono, injini ya mwaka ule haikusukuma mafuta kwa nguvu mpaka ndani ya beringi za konrodi. Chini ya kila konrodi kuna kijiko kidogo, nacho huchota mafuta na kurushiwa mafuta kila kikizunguka, kama mwanamke achotaye maji kwa kata. Katika mwendo wa miaka ile ilitosha. Katika barabara kuu za leo, ambako malori huenda maili 70 kwa saa, ukiibana mchana kutwa utayeyusha beringi. Basi iwashe, iache ipate moto, ongeza petroli kisha uachie taratibu. Ukisikia mgongo-mgongo kama mtu abishaye hodi, ondoa waya wa plagi mojamoja. Silinda ambayo sauti hupungua ukiinyima cheche, hiyo ndiyo mgonjwa. Wengi huitoa injini hiyo na kutia ya baadaye ya Chevrolet yenye silinda sita vile vile, ya 1954 na kuendelea, ambayo husukuma mafuta kila mahali. Kwa sura zafanana sana, na mgeni hatatambua.

Umeme wake ni wa volti sita, si kumi na mbili. Ikizunguka kwa uvivu wakati wa kuwashwa, usikimbilie kulaumu betri: tazama kwanza kama mtu alifunga nyaya nyembamba, maana volti sita hutaka nyaya nene. Na nyaya za kale zilivikwa kitambaa. Panya hukipenda, na kikikauka hupukutika, waya ukabaki uchi. Zing'oe zote uweke mpya. Kwa jambo hili usisikilize ushauri wa kubana fedha, kwa sababu motokaa ya kale yaweza kuungua hata bandani, usiku, wenyewe wamelala.

Umelipa, umeileta nyumbani, majirani wamekuja kuitazama. Sasa kila mtu atakupa shauri la rangi. Mdogo wako anataka ishushwe hata nchi ijae cheche. Rafiki yako amekuletea picha ya motokaa iliyokatwa paa. Wewe lala chini uvunguni, utazame breki.

Katika motokaa hii kuna masta silinda moja tu, iliyowekwa chini ya sakafu karibu na pedali, nayo hupeleka mafuta ya breki katika magurudumu yote manne kwa njia moja. Maana yake ni hii: paipu moja ikipasuka, au mpira wa gurudumu moja ukivuja, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mara moja. Ndiyo sababu tangu mwaka 1968 sheria ya Marekani iliamuru kila motokaa mpya iwe na njia mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Ya kwako ilitangulia amri hiyo kwa miaka 18. Fundi hodari aweza kufunga masta silinda ya njia mbili, na sehemu za kufungia huuzwa tayari. Badili paipu zote za chuma na za mpira. Kadhalika haikuuzwa na mikanda ya usalama. Mbele ya abiria kuna chuma kitupu, na mti wa usukani ni nondo moja ngumu inayoelekea kifua cha dereva. Basi funga mikanda, ya nyuma vile vile, na bolti zake zipite katika bati zima zikiwa na washa pana upande wa chini. Hapo utaona kwa nini nilikusumbua na sumaku na bisibisi: mkanda uliofungwa katika sakafu ya kutu ni pambo tu.

Najua fedha hizi zinauma, maana hakuna mpita njia atakayesema, "Ama kweli breki hizo ni nzuri!" Nusu ya akiba imekwenda, na motokaa ingali na rangi ya panya. Ndipo wanaume wengi wanapovunjika moyo, au, vibaya zaidi, wanapokwenda kukopa. Mkeo alisema fedha haziongezwi. Basi hesabu upya pamoja naye mezani, wala usimfiche risiti hata moja.

Sasa mapambo, na kabla ya yote yagawe katika mafungu mawili: yale yanayoweza kurudishwa na yale yasiyorudishwa. Kukata paa ni la pili. Mafundi wa California waliianza kazi hiyo zamani, na ndugu wawili Sam na George Barris walijipatia sifa kubwa kwa motokaa za Mercury za 1949 hadi 1951 walizozikata. Mercury moja waliyoitengeneza kwa ajili ya Bob Hirohata mwaka 1952 iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa karibu dola milioni 2. Lakini hao walikuwa mabingwa. Kwanza hukata nguzo zote, huondoa inchi kadhaa, kisha huliteremsha paa, na kwa kuwa nguzo huinama, paa halilingani tena na mahali pake. Huna budi kulipasua na kulipanua. Katika sedani yako ni milango minne, fremu nne za vioo, na vioo vyenyewe. Kila kimoja kikatwe. Nimesikia hoja ya kwamba mali ni yako na waweza kuifanya upendavyo. Ni kweli. Lakini motokaa nyingi zilizokatwa nusu huuzwa baadaye kwa bei ya chuma chakavu, mwenyewe akiwa ameshindwa kuzimaliza, na bati likishakatwa halioti kama nywele.

Kushusha waweza, ukiwa na kiasi. Mbele kuna springi za kuzunguka, na huuzwa fupi zaidi. Nyuma kuna springi bapa, ambazo huwekewa vipande vya chuma kati yake na ekseli. Inchi mbili au tatu zatosha kubadili sura yote, na siku ukichoka waweza kurudisha. Asikwambie mtu uzichome springi kwa moto wa gesi mpaka zilegee. Njia hiyo ilitumiwa zamani na wasio na fedha, lakini chuma kilichochomwa hivyo hakina tena tabia ya springi, na motokaa hurukaruka ovyo. Pampu za mafuta za kuinua na kushusha ni tamu kutazama, lakini zataka betri nyingi katika buti, na chesisi iimarishwe. Kwa baba wa watoto wanne naziona ni za mwaka mwingine.

Na watu wa bomba wenyewe, waliozoea kazi hii, hawakati sana. Chama cha Dukes cha Los Angeles, kilichoanzishwa na ndugu wa jamaa ya Ruelas mwaka 1962, kilijulikana hasa kwa motokaa za kale zilizotunzwa katika umbo lake. Uzuri wao hutoka katika vitu vya kuongeza: kofia ya bati juu ya kioo cha mbele ya kuzuia jua, sketi za kufunika magurudumu ya nyuma, taa ya kumulika kando ya mlango. Kimoja kilinifurahisha kuliko vyote. Ni pipa dogo la mviringo linaloning'inizwa katika dirisha la abiria, ndani mna maji na kitambaa. Motokaa ikienda, upepo hupita katika kitambaa kibichi ukaingia ndani ukiwa wa baridi. Ni hekima ile ile ya mtungi wetu wa udongo, isipokuwa mtungi huu umepakwa rangi na kufungwa katika Chevrolet. Hufanya kazi vyema katika nchi kavu kama New Mexico. Pwani yetu usingefaa kitu, kwa ajili ya unyevu wa hewa.

Rangi iache iwe ya mwisho, na ujue ya kwamba kazi nzuri ya rangi yaweza kupita bei uliyonunulia motokaa yenyewe. Sehemu kubwa ya gharama si rangi, ni msasa: siku kwa siku za kusugua mpaka kiganja kikipita hakisikii kitu. Kazi hiyo watoto waweza kuifanya pamoja nawe, na wengi wa huko hukumbuka hivyo utoto wao, vumbi puani na msasa mkononi. Chagua rangi moja iliyotumiwa na kiwanda mwaka ule. Ukitaka picha ya Mama Maria, mtafute mchoraji anayejua kazi, wala usikubali ya mtu anayejifunzia juu ya boneti lako.

Siku ya kwanza usiende mbali. Mpakie mkeo tu, watoto wabaki kwa bibi yao. Nenda maili kumi kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, simama mahali pa tambarare, zima injini, uzunguke uguse rimu ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki yake inang'ang'ania. Rudi nyumbani polepole, uifungue jioni hiyo hiyo.